Gavin Stamp, Mtetezi wa Majengo (1948–2017)

Nyumba ya kwanza ya safu ya nyumba za Moray Place, mjini Glasgow, aliisanifu Alexander Thomson, akakaa humo mwenyewe hata alipofariki mwaka 1875. Na baada ya zaidi ya karne moja akaja kuishi ndani yake Gavin Stamp, mwanahistoria wa usanifu wa majengo na mwandishi wa magazeti, aliyeasisi mwaka 1991 jumuiya ya kulienzi jina la Thomson na kuzilinda kazi zake.

Kalamu ya Stamp ilikuwa kali, na ilistahili kuwa kali. Tangu 1978, katika jarida la Private Eye, kwa lakabu ya Piloti, aliwashutumu bayana matajiri na halmashauri za miji waliobomoa majengo ya fahari pasipo haja, wala hakumstahi mtu kwa cheo chake. Hata vibanda vyekundu vya simu, kazi ya Giles Gilbert Scott, vilipoanza kung'olewa, alivipigania kwa bidii.

Lakini kitabu chake kitukufu kupita vyote, kwa rai yetu, ni kile cha 2006 juu ya mnara wa Thiepval, uliosanifiwa na Edwin Lutyens nchini Ufaransa, ambao juu ya kuta zake yamechongwa majina ya askari zaidi ya 72,000 waliopotea katika medani ya Somme, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, bila ya kaburi lijulikanalo. Humo elimu, huzuni na ghadhabu vimekutana.

Alifariki tarehe 30 Desemba 2017.