Pensheni Jamii ya Zanzibar

Pensheni Jamii ni malipo ya kila mwezi kwa wazee wa Zanzibar waliotimiza miaka 70. Yalianza Aprili 2016 kwa kiwango cha Sh 20,000, na fedha zake hutoka kwenye bajeti ya Serikali ya Mapinduzi. Hapo ndipo mpango huu unapoachana na ruzuku za TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, zilizotegemea sana mikopo ya Benki ya Dunia.

Wapo wanaohoji kwa nini serikali ibebe mzigo uliobebwa karne nyingi na zaka, sadaka na watoto wa mzee mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito, kwani zaka ni faradhi na imewasitiri wengi. Lakini sadaka humfikia zaidi anayejulikana na mtoaji. Mvuvi mkongwe asiye na jamaa hana wa kumdai, ilhali pensheni ni haki yake. Wengine hulalamika kwamba hata tajiri analipwa. Ni kweli, ila kumchuja kila mzee kuna gharama na hufungua mlango wa upendeleo, na anayeachwa nje aghalabu ni fukara asiye na msemaji. Pingamizi zito zaidi lilikuwa udogo wa kiasi cha mwanzo: Sh 20,000 hazikumlisha mtu mwezi mzima, na dawa yake ni kupandisha kiwango kadiri bei zinavyopanda.