Kaizari alipata msemaji, Isike je?

Ndugu msomaji, kama umesoma Juliasi Kaizari, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, huwezi kusahau pale wanapomzunguka na kumchoma visu. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na nilimchukia Brutus kupita maelezo. Mtu anakuamini, halafu na wewe unachomoa kisu! Kisha Antony akapanda kuhutubia juu ya maiti, umati ukageuka, na mimi nikageuka nao.

Mwalimu mwenyewe aliijua Tabora vizuri. Alianza kusoma Tabora Boys mwaka 1937, akarudi kufundisha St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Tafsiri ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, akiwa tayari Rais.

Sasa nauliza: mbona Tabora hiyo hiyo ina mtawala wake aliyekufa kifo kizito, na darasani hakuna aliyenililia?

Huyo ni mtemi Isike wa Unyanyembe. Misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita katika nchi yake. Mwaka 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Kijerumani Tabora, lakini Isike hakukubali kutawaliwa. Januari 1893 askari wakiongozwa na Tom von Prince waliivamia ngome yake. Isike alipoona mambo yamekwisha, alilipua ghala la baruti akiwa ndani. Baada yake Wajerumani wakamsimamisha Nyaso kuwa mtawala.

Kaizari aliuawa mwaka 44 K.K., mbali sana na sisi, lakini tunamlilia. Sababu ni moja tu: Brutus alifanya kosa la kumruhusu rafiki wa marehemu aseme. Isike hakupewa Antony. Aliyesema ni mshindi: Prince alichapisha kumbukumbu zake za vita mwaka 1914, kwa Kijerumani, kwa wasomaji wa kwao.

Sisemi Isike alikuwa malaika. Hata Kaizari hakuwa. Ninachosema ni kwamba machozi yetu hufuata aliyeshika kalamu. Mwalimu alituonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba msiba wa Roma. Basi kinashindwaje kubeba wa Unyanyembe?

Wanafunzi wa Tabora, kalamu mnazo. Mnangoja nani?