Kwa nini tovuti ya parokia humsahau mtu aliyekwisha kuingia

Katekista ameketi jioni kuingiza majina ya watoto wa Kipaimara katika tovuti ya parokia. Amejaza majina thelathini, amebonyeza kitufe cha kuhifadhi, na tovuti inamtaka aingie upya. Majina yamepotea. Kesho yake anarudia, na yote yanakwenda sawa. Kosa hili lisilo na saa lilitusumbua muda mrefu. Tulimlaumu katekista, kisha mtandao wa simu, na wote wawili hawakuwa na hatia.

Mtu anapoingia, seva humfungulia kikao, yaani faili dogo linalokumbuka yeye ni nani. Kivinjari chake hubaki na namba tu ya faili hilo. Faili likifutwa, namba hukosa maana, naye huhesabiwa kuwa mgeni.

Ni nani hulifuta? Tovuti nyingi ndogo hukodi nafasi katika seva moja pamoja na maduka, shule na wengineo. Kwa kawaida lugha ya PHP huhesabu kuwa takataka kikao kisichoguswa kwa sekunde 1440, ambazo ni dakika 24. Ufagio haupiti kila mara: kwa mpango wake wa awali hupita kwa bahati, mara 1 kati ya 100 vikao vinapofunguliwa. Ndiyo maana kosa huja na kutoweka. Neno zito zaidi ni pale vikao vya tovuti zote vinapowekwa katika folda moja, kama /tmp, chini ya mtumiaji mmoja wa seva. Jirani aliyejiwekea dakika 5 akifagia, huondoa na vya kwetu, hata kama sisi tumeweka saa mbili.

Sisi wa njia ya misafara tuna kisa kinachofanana na hicho. Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1871, akitoka Manyema, alikuta bidhaa alizoletewa zimeuzwa na Sherif aliyekabidhiwa kuzitunza. Kwa maandishi ya Livingstone mwenyewe, Sherif alikuwa amepiga ramli akaona mwenye mali amekufa. Kumbe yu hai, ila alikawia. Alipata kuanza upya kwa akiba ya Stanley iliyokuwa Kwihara, karibu na Tabora.

Dawa, basi, ni kuwa na ghala letu. Anayetunza tovuti aangalie mpangilio uitwao session.save_path. Ukielekeza /tmp, atengeneze folda nje ya public_html, ili watu wa nje wasiweze kuisoma, kisha auelekeze huko. Halafu aongeze session.gc_maxlifetime, kwa mfano iwe 7200. Kuongeza muda bila kuhamisha folda hakufai kitu, tulijaribu. Aangalie pia session.gc_probability: ikiwa 0, folda mpya haitafagiliwa kamwe nayo itajaa.

Kosa likiendelea, tazameni mambo mawili: nafasi ya diski isiwe imekwisha, na anwani ya tovuti iwe moja tu, yenye www au isiyo nayo, kwa kuwa kivinjari huweza kuzihesabu kuwa nyumba mbili. Wakati marekebisho yakingojewa, makatekista waandike majina kwanza katika daftari.