Probox: Gari la Kazi Lililogeuka Usafiri wa Wananchi

Toyota, kampuni iliyoundwa Japani mwaka 1937, ilizindua Probox mwaka 2002 ichukue nafasi ya Corolla ya mizigo. Lililengwa kwa watu wa kazi: dashibodi ina kimeza cha kuvuta cha kuandikia, na viti vya nyuma hulazwa mzigo ukapata nafasi. Kwa kuwa Japani, kama Kenya, huendesha upande wa kushoto, gari lililotumika huko huingia barabara za hapa bila kubadilishwa usukani. Kwa sifa hizi zote, Probox limewafaa wakazi wa Matete na kwingineko magharibi mwa Kenya, ambako abiria husafiri pamoja na magunia ya mahindi. Wenye nalo husifu kwamba halili mafuta sana, vipuri havikosekani na mafundi wa jua kali wanalimudu.

Wapo wanaolilaumu kwa ajali. Hofu yao ni ya haki, lakini gari hili liliundwa kubeba watu watano. Likijazwa kupita kiasi, breki na matairi huelemewa. Kasoro hiyo ni ya matumizi. Kulienzi Probox kunatudai tuheshimu kipimo chake.