Kurudi kwa Waelfi: Historia ya Dhana ya Roho na Kuzaliwa Upya katika Kazi za J.R.R. Tolkien

Katika uhakiki wa bunilizi za kifantasia imezoeleka kuichukulia ahera ya ulimwengu uliobuniwa kuwa kivuli cha dini ya mtunzi. J.R.R. Tolkien (1892–1973) alikuwa Mkatoliki wa dhati. Kwa hivyo, husemwa, roho za wahusika wake hufuata njia zilizochorwa na Kanisa lake. Makala haya yanaipinga hoja hiyo kwa kufuatilia historia ya dhana moja tu, yaani kurudi kwa Waelfi waliokufa. Tunadai kwamba mtunzi aliitetea dhana hiyo mbele ya pingamizi la kidini, kisha akaibadilisha mwenyewe kwa sababu za ujamaa: mtoto anayezaliwa ni wa nani, naye ni nani hasa?

Waelfi hawafi kwa uzee wala kwa maradhi, ila huweza kuuawa au kudhoofika kwa huzuni. Roho (fëa) ikitengana na mwili (hröa) huitwa kwenye kumbi za Mandos, mwamuzi wa wafu, nayo ina hiari ya kuukataa mwito huo na kubaki ikitangatanga. Haitoki nje ya dunia, kwani imefungamana nayo hadi mwisho wake. Binadamu, kwa upande mwingine, huondoka duniani kabisa, na hata Valar, wale wenye enzi wanaoulinda ulimwengu, hawajui waendako. Kifo hicho kinaitwa kipawa, na msiba wa Númenor ni msiba wa watu walioshindwa kukipokea.

Mambo hayakuwa hivyo tangu awali. Katika hadithi ambazo Tolkien alianza kuziandika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambazo mwanawe Christopher alizichapisha 1983 na 1984, binadamu waliokufa walihukumiwa na Fui Nienna. Wengi wao walipakiwa kwenye jahazi jeusi na kupelekwa nchi ya utusitusi kungoja. Msomaji atatambua mara moja harufu ya mafundisho ya toharani. Waelfi, nao, walikaa kwa Mandos hadi ufike wakati wao wa kuzaliwa tena katika watoto wao. Yafaa tutue hapa. Sehemu iliyofanana na imani ya mtunzi ndiyo aliyoiacha. Ile isiyopatana nayo aliishikilia kwa takriban miaka 40. Anayesoma ahera hii kama katekisimu hana budi kulieleza jambo hilo.

Mwaka wa 1954, mwaka lilipotoka juzuu la kwanza la The Lord of the Rings, Peter Hastings, Mkatoliki aliyesimamia duka la vitabu mjini Oxford, alimwandikia Tolkien akihoji suala hili la kuzaliwa upya. Rasimu ya jibu, ambayo haikutumwa, imo katika mkusanyiko wa barua zake uliochapishwa 1981. Tolkien anakiri kwamba huenda dhana hiyo ni teolojia mbaya ikihusishwa na binadamu halisi. Lakini, anashikilia, msanii ana uhuru wa kubuni viumbe wa namna nyingine, na haoni kwamba mwanateolojia au mwanafalsafa yeyote anaweza kuthibitisha kuwa jambo hilo haliwezekani kwa viumbe kama hao. Pingamizi la kidini, basi, halikumtikisa.

Kilichomtikisa kilitoka ndani ya kisa chenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliandika kwa kirefu kuhusu sheria na desturi za Waelfi, maandishi yaliyochapishwa 1993 katika Morgoth's Ring. Humo roho huzaliwa upya kama mtoto, na kumbukumbu za maisha ya kwanza humrudia polepole anapokua. Lakini ikiwa wafu hurudi, ndoa haivunjwi na kifo. Míriel, baada ya kumzaa Fëanor, anachoka na uhai, anakufa na kukataa kurudi. Mumewe Finwë anataka mke mwingine. Je, ameachwa mjane, au ana mke aliyeko safarini? Valar wanajadiliana, na inaamuliwa kwamba aweza kuoa tena iwapo tu Míriel atakubali kutorudi kamwe. Anakubali. Indis anaolewa, na chuki ya Fëanor kwa watoto wa mama wa kambo inakuwa chanzo kimoja cha maangamizi ya ukoo wao. Kwa maoni yetu, hakuna mahali pengine ambapo Tolkien aliuchunguza ukewenza kwa makini kiasi hiki, ingawa hapa mke wa kwanza ni marehemu.

Mnamo 1959 hivi akaanza kuona dosari. Kila roho na mwili wake vimeumbwa kwa kufaana. Mwili wa mtoto hutokana na wazazi wake. Roho ya zamani ikiingizwa humo, inavaa nguo iliyoshonewa mwingine. Tena wazazi hao wa pili wanadhulumiwa: wanalea mwana ambaye siku moja atakumbuka mama mwingine. Kuzaliwa upya kukaachwa, na mahali pake pakashikwa na mwili wa awali kurejeshwa ulivyokuwa. Mwishoni mwa maisha yake Tolkien alimfafanua Glorfindel kwa njia hiyo: shujaa aliyeanguka Gondolin ndiye huyo huyo wa Rivendell, akiwa katika mwili uliorudishwa, wala hakupitia utoto wa pili.

Msomaji wa The Silmarillion (1977), kitabu alichokihariri Christopher, hauoni mvutano huu, kwa kuwa humo inaelezwa tu kwamba Waelfi huweza kurudi kutoka kwa Mandos, bila kutaja namna. Atakayeifasiri kazi hiyo kwa Kiswahili atajaribiwa kuandika kufufuka, au kuzaliwa upya, na kila neno litakuwa limemchagulia Tolkien mmoja kati ya wawili. Kuzimu halifai kwa Mandos, kwani wafu wake hawako chini ya ardhi. Nafsi na roho zitahitaji kutenganishwa kwa uangalifu. Lakini kitenzi kurudi hakisemi zaidi ya kilivyosema kitabu cha 1977.