Tone moja jichoni: karne ya mdondo na chanjo iliyofika hadi kijijini

Bibi yangu, huko Masasi, ada ya shule alikuwa akiifuga. Kuku wawili walitosha daftari na kalamu, jogoo mmoja sare. Asubuhi moja ya kiangazi, mikorosho ikiwa imeanza kutoa maua, alifungua banda na kuku hawakutoka. Wengine walikuwa wamekufa wamelaliana. Waliobaki walishusha mabawa, shingo zimepinda, na chini yao kinyesi cha kijani. Kufikia Ijumaa alisalia tetea mmoja. Bibi alitamka neno moja tu, mdondo, akachukua jembe akaenda kuchimba shimo.

Mdondo, ambao vitabuni huitwa kideri, unatimiza karne moja mwaka huu wa 2026 tangu wanasayansi wautambue. Mwaka 1926 uliripotiwa kisiwani Java, Indonesia, na mwaka huohuo ukazuka Newcastle, mji wa bandari kaskazini mwa Uingereza. Mtafiti T. M. Doyle ndiye aliyeonyesha mwaka 1927 kwamba kirusi chake ni kipya, si kile cha homa ya ndege iliyokuwa ikijulikana. Akauita ugonjwa wa Newcastle kwa muda tu, mpaka lipatikane jina linalofaa. Jina la muda limedumu hadi leo. Kufikia miaka ya 1930 ulikuwa umekwisha kuripotiwa Kenya.

Chanjo zilipatikana zamani, ila zilitengenezewa mashamba makubwa. Zilihitaji jokofu kutoka kiwandani hadi bandani, na chupa moja ilibeba dozi mia kadhaa au elfu. Mama wa Newala mwenye kuku kumi na wawili, kijiji hakina umeme, angeifanyia nini?

Jibu lilitoka Queensland, Australia. Huko, mwaka 1966, kuku wazima kabisa walikutwa na kirusi cha kideri kisichodhuru, kikapewa jina la V4. Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland aliona thamani yake: kinamkinga kuku bila kumuua, na aina zake nyingine huvumilia joto. Baadaye yeye na wenzake wakatayarisha mbegu nyingine, I-2, kwa kuchagua virusi vilivyostahimili joto zaidi. Ikikaushwa vizuri na kuwekwa gizani, chanjo hiyo hukaa wiki nane kwenye nyuzijoto 28 bila kuharibika. Kisha wakafanya jambo ambalo sisi wafugaji wadogo hatuna budi kulikumbuka: mbegu ya I-2 ilitolewa bure kwa maabara za nchi zinazoendelea, kila nchi ijitengenezee yake.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala uliochukua miaka: chanjo impate kuku kwa njia gani? Malaysia, katika miaka ya 1980, V4 iliyopakwa kwenye chakula cha kuku ilikuwa imeleta matumaini. Wazo lilikuwa tamu. Mama anamwaga punje uani kama kila siku, kuku wanakula, wamechanjwa, hakuna kukimbizana. Lilipoletwa Afrika, matokeo yakayumba. Punje mbichi za nafaka nyingine zilidhoofisha kirusi cha chanjo kabla hakijafika mwilini, na tetea mnyonge aliyefukuzwa na wenzake alikosa punje na kinga pia. Philemon Wambura wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, hakulitupa wazo hilo. Mwaka 2007, pamoja na mtafiti Meers na Spradbrow, alichapisha utafiti wa I-2 iliyopakwa kwenye mchele uliotiwa mafuta.

Lakini mwongozo wa mtafiti Robyn Alders na Spradbrow wa mwaka 2001, ambao nimeusoma mara nyingi nikiandika makala haya, unasimama upande wa jicho. Tone moja, jicho moja, kila baada ya miezi minne. Kifaranga wa siku moja na jogoo mzee hupata tone lilelile. Nakumbuka mchanjaji wa kwanza niliyemwona: chupa ameifunga kwa kitambaa kibichi ndani ya kikapu, anapita alfajiri kabla mabanda hayajafunguliwa. Bibi alimshika kuku kwapani, tone likadondoka, kuku akapepesa jicho mara mbili, akaachiwa.

Kati ya 2002 na 2005, mradi uliofadhiliwa na Australia uliisambaza njia hiyo Tanzania, Malawi na Msumbiji. I-2 ikawa inatengenezwa hapa Tanzania, kwanza Temeke, na leo Kibaha chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, kwa jina la TEMEVAC. Mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, kuku wa kienyeji wakichanjwa bure.

Lakini mdondo si wa kuku peke yao; nao kware, je? Waliokumbwa na homa ya kufuga kware mwaka 2013 na 2014, iliyovuma sana Kenya, waliambiwa huyu ndege hafi ovyo. Ni kweli kwamba kideri humlaza kware kwa nadra kuliko kuku. Ila kirusi humwingia, na anaweza kukitoa akiwa anaonekana mzima. Anayemfuga kware ukutani kwa banda la kuku, au anayemleta nyumbani aliyemnasa shambani, asidhani amekwepa mdondo.

Inaniuma kwamba bado tunamtafuta mchanjaji baada ya kuku wa tatu kufa. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Humkinga mzima, tena ikipewa siku chache kufanya kazi. Sayansi ilikwisha kushusha mzigo hadi uzito wa tone, na maabara ni ya kwetu wenyewe. Kilichobaki ni kalenda. Tarehe ya mnada wa korosho kila mtu Masasi anaijua, hata mtoto. Miezi ya chanjo ni mitatu tu: Januari, Mei na Septemba. Itangazwe kwenye mikutano ya vijiji na misikitini na makanisani kwa sauti ileile, maana korosho huja mara moja kwa mwaka, na ada ya shule haingoji msimu.