Viatu vya kufuma vya mtoto: macho ya sungura yashonwe kwa uzi, siyo shanga

Baridi ya Juni na Julai ikipiga Tunduma, Mbozi na Ileje, mtoto mchanga hufunikwa kichwa mpaka miguu. Viatu laini vya kroshia vyenye sura ya sungura, paka au dubu vinapendeza na vinatia joto, ila vina mambo ya kuangalia.

Tumia uzi laini usiowasha ngozi na sindano ya kroshia ya milimita 3.5 hadi 4. Pima unyayo kwanza. Wa mtoto mchanga huwa kama sentimita 8. Anza na mnyororo mfupi, uuzungushie mpaka upate soli, kisha panda juu hadi kwenye kifundo. Masikio yanafumwa peke yake, halafu yanashonewa mbele.

Hatari iko kwenye macho. Kifungo au shanga ikichomoka, mtoto anaitia mdomoni na inaweza kumkaba koo. Macho na pua vitariziwe kwa uzi mweusi.

Ukimaliza, geuza kiatu ukate nyuzi zinazoning'inia ndani. Uzi uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole na kuzuia damu. Mtoto akilia bila sababu, mvue viatu, kagua vidole kimoja kimoja.